Mafuta ya kuiga yanapita Kasumbalesa na cheti cha alama ninacho: duane (forodha) wanaweza kufanya nini?

Mama, umeuliza hivi: alama ya biashara ya mafuta yako ya ngozi umeiandikisha Kinshasa, cheti unacho, na bado mafuta ya kuiga yanavuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanauzwa hapa Lubumbashi kwa nusu ya bei yako. Je, duane wamelala? Nimekuwa wakala wa forodha pale mpakani miaka mingi, acha nikujibu kwa niliyoyaona.

Pale mpakani hakuna anayekujua. Cheti chako kilitoka Wizara ya Viwanda, nakala iko kabatini kwako, na ofisa anayefungua kontena hana habari nacho. Yeye anatafuta ushuru: bidhaa ni ya aina gani, thamani yake ngapi, imetoka nchi gani. Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha, ndiyo inayochagua mzigo upi ufunguliwe na upi upite kwa karatasi tu. Mtu akileta mafuta ya kuiga yenye karatasi safi na ushuru akalipa, anapita, na ofisa anaona kazi imekwenda vizuri.

Kwa hiyo anza kwa kuandika ombi kwa DGDA, idara kuu ya forodha, hapa Lubumbashi, nakala iende ofisi ya Kasumbalesa. Ambatanisha cheti, na hakikisha muda wake haujaisha. Lakini kinachofanya kazi hasa ni karatasi moja au mbili za picha: kopo lako halisi upande huu, la kuiga upande ule, tofauti zimezungushiwa duara. Sema nani ana ruhusa ya kutumia alama yako, unazalisha wapi, na bei yako ya jumla ni ngapi. Kama mafuta yako yote yanatengenezwa Lubumbashi, iandike kwa herufi kubwa! Hapo kila kopo lenye jina lako linaloingia kutoka nje linatiliwa shaka, na ofisa hahitaji kuwa mtaalamu wa mafuta.

Nilisimamia ukaguzi mmoja wa namna hiyo. Mbele ya kontena palikuwa na ndoo za plastiki, nyuma yake maboksi ya mafuta. Ofisa alichukua kopo moja, akamgeukia mjumbe wa mwenye alama: "Haya, la kweli ni lipi?" Yule kijana hakuhutubia. Alitoa kopo lake mfukoni, akayapindua yote mawili. La kweli namba ya toleo imegandamizwa ndani ya plastiki. La kuiga imepigwa kwa wino, akapitisha kidole gumba ikafutika. Kisha akaomba maboksi mengine yafunguliwe: kila kopo lina namba ileile. Mzigo ulizuiwa palepale. Ila waigaji wajanja zaidi huleta makopo yasiyo na jina, na lebo zikapita peke yake kwa njia nyingine, zinabandikwa mjini. Hayo duane hawayaoni. Ukipata karakana ya kubandika, ni kazi ya mwanasheria na mahakama.

Kuzuia mzigo kuna saa yake. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu haki za alama na ubunifu, unampa mwenye alama siku 10 za kazi tangu ajulishwe awe amefungua kesi, na zinaweza kuongezwa 10 nyingine. Asipofanya hivyo mzigo unaachiwa. Unaweza pia kudaiwa dhamana, na ukizuia mzigo wa mtu bure utamlipa hasara. Lakini usiende kuwatishia duane kwa TRIPS. Kongo iko katika kundi la nchi zilizo nyuma kimaendeleo, na kundi hilo limeongezewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla sehemu kubwa ya mkataba huo haijawabana. Simamia sheria ya mali ya viwanda ya 1982 na Sheria ya Forodha ya 2010, na omba upewe kwa maandishi muda unaohesabiwa kwako. Mwanasheria awe tayari kabla mzigo haujakamatwa. Ukianza kumtafuta siku unapopigiwa simu, siku zinaliwa na mazungumzo ya malipo.

Mkubwa mmoja aliyekujibu kabla yangu amesema uwazuie waigaji tangu Dar es Salaam au Zambia. Cheti cha Kinshasa kinaishia mpakani kwetu. Zambia unaandikisha kwa wakala wa usajili PACRA, Tanzania kwa BRELA, na kila mahali unalipa. Halafu mzigo unaopita tu kwa lakiri kuja Kongo, mkataba wenyewe hauzilazimishi nchi kuuzuia. Kwa biashara ya ukubwa wako, weka nguvu Kasumbalesa.

Yule mwingine aliyejibu hapa akilalamika kwamba mtu analeta mafuta halisi kutoka Afrika Kusini bila kupitia kwa wakala wa pekee, huo ni ugomvi mwingine. Bidhaa iliyotengenezwa na mwenye alama mwenyewe si ya kuiga, hata kama imeharibu bei ya mtu. Wala OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, usiwape kazi hii: wao wanapima ubora na kiasi. Mafuta ya kuiga yanaweza kufaulu kipimo chao, na mafuta yako halali yanaweza kufeli.

Wanaovusha kwa baiskeli ndio wagumu. Mkataba unaruhusu kuacha vitu vichache vya mtu binafsi visivyo vya biashara, na hiyo ni haki. Ila boksi mbili asubuhi, boksi mbili mchana, watu tofauti lakini ghala moja, hiyo ni kontena iliyokatwa vipande. Mpelekee ofisa picha ya ghala na majina ya wanaopokea, hapo ana kitu cha kufuatilia.

Na ndugu aliyekushauri "umpe mtu kitu kidogo akuangalizie", sikubaliani naye. Mzigo ukizuiwa, wakili wa mwagizaji ataomba kwanza barua ya ombi na tarehe iliyopokelewa. Asipoiona, makopo yanarudi kwa mteja wake, na wewe ndiye unayedaiwa gharama za ghala.