Mashine imeniambia dawa ya mwanangu inapunguza vifo kwa asilimia 70. Niamini?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mwanangu wa miaka 6 ana selimundu, na kliniki wamemwandikia haidroksiyurea. Binamu yangu alinitumia muhtasari wa utafiti mmoja wa Kiingereza uitwao REACH. Nikaunakili kwenye programu ya akili mnemba ya simu ili nielezwe kwa Kiswahili. Ikanijibu kwamba kabla ya dawa asilimia 98 ya watoto walipata maumivu, baada ya dawa asilimia 44. Kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 70. Na kwamba hii ni dawa ya saratani. Nimefurahi na kuogopa kwa pamoja. Nitajuaje kama imenieleza sawasawa? – Mama, Tanga

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Utafiti huo naufahamu. Ulichapishwa mwaka 2019 katika jarida la New England Journal of Medicine, na ulifanyika katika vituo vinne: Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda. Watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 walianzishiwa dawa. Mwanao ni rika lao, na Kilifi ni pwani hii hii yenu.

Kosa kubwa liko kwenye ile asilimia 98. Tarakimu yenyewe imo katika utafiti, ila mashine imebadilisha kitu kinachohesabiwa. Watafiti hawakuhesabu watoto walioumwa, walihesabu mara za kuumwa. Fikiria watoto 100 wanaofuatiliwa mwaka mzima, na daftarini inawekwa alama kila mara mtoto yeyote anaposhikwa na maumivu makali. Kwa kasi waliyoiona kabla ya dawa, mwisho wa mwaka daftari lingekuwa na alama kama 98. Mtoto mmoja anaweza kuwa na alama tano, mwenzake asiwe na hata moja. Kwa hiyo namba hii peke yake haituambii ni watoto wangapi waliumwa. Walipokuwa kwenye dawa, alama hizo zilishuka hadi 44.6, yaani kama 45.

Nalikazania jambo hili kwa sababu naona linakoweza kumpeleka mzazi. Ukiamini kwamba watoto wamegawanyika, asilimia 44 wanaumwa na waliobaki wamepona, basi siku mwanao atakaposhikwa na maumivu utasema dawa imemkataa. Utafiti hausemi hivyo. Unasema mara za kuumwa zilipungua zaidi ya nusu. Mtoto anayetumia dawa vizuri bado anaweza kushikwa.

Programu hizi hutunga jibu neno kwa neno, kila mara zikikisia neno linaloelekea kufuata kulingana na maandishi mengi zilizofunzwa nayo. Zinapokuta hesabu ya "kwa kila 100", asilimia iko karibu sana mdomoni. Na kipimo hiki cha kuzidisha idadi ya watoto kwa miaka waliyofuatiliwa hakina jina lililozoeleka kwa Kiswahili, kwa hiyo mashine hushika lililo jirani.

Asilimia 70 ya vifo ni sahihi, lakini haijitoshelezi. Asilimia 70 ya ngapi? Kabla ya dawa, vifo vilikuwa kwa kasi ya 3.6 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Wakiwa kwenye dawa, 1.1. Yaani karibu wanne wakawa karibu mmoja. Kwa mzazi huo ni uhai wa watoto wawili au watatu katika kila 100 kila mwaka, na mimi silioni kuwa jambo dogo hata kidogo. Ila kwa kuwa vifo vyenyewe vilikuwa vichache, watafiti waliweka na mipaka ya makadirio yao: punguzo la kweli linaweza kuwa dogo kama asilimia 12 au kubwa kama 90. Mipaka hiyo imo katika muhtasari ule ule ulionakili. Mashine imeiruka.

Kuhusu saratani: ni kweli dawa hii hutumika pia kutibu baadhi ya saratani za damu. Kwa mwenye selimundu kazi yake ni nyingine. Huufanya mwili uzalishe zaidi ile hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ya mtoto aliye tumboni, ambayo huzuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu. Marekani iliidhinisha matumizi hayo kwa watu wazima tangu 1998. Mwanao hajapewa dawa hii kwa sababu ana saratani.

Liko pia jambo ambalo hukuambiwa kabisa. Utafiti huu haukuwa na kundi la watoto wasiopewa dawa. Watoto walilinganishwa na wao wenyewe katika kipindi kabla ya kuanza, na mtoto anayeonwa kliniki mara kwa mara huenda akanufaika na uangalizi wenyewe pia. Mimi bado nayaamini matokeo yake, maana yanakubaliana na miaka mingi ya matumizi ya dawa hii kwingineko. Lakini ni haki yako kulijua hilo.

Ukirudi kwenye programu, bandika tena muhtasari wote wa Kiingereza, kisha andika hivi: "Tumia maandishi haya tu. Kwa kila namba, niambie inahesabu nini: watoto, au matukio. Chini ya kila jibu weka sentensi ya Kiingereza ulikoitoa. Kisichokuwemo, sema hakimo." Hata kama Kiingereza kinakupa shida, tarakimu ni zile zile. Weka kidole kwenye ile 98 ya Kiswahili, itafute ya Kiingereza (humo imeandikwa 98.3), kisha tazama kama mbele yake pana alama ya asilimia. Hapo ungelinasa kosa la kwanza wewe mwenyewe. Usiulize "una uhakika?", kwa sababu mara nyingi mashine huomba radhi na kugeuza hata jibu lililokuwa sahihi. Na usiandike jina la mtoto wala namba yake ya kliniki. Kuelewa utafiti hakuhitaji hayo.

Yako maswali ambayo utafiti huu hauna majibu yake, hata utafsiriwe vizuri namna gani. Haidroksiyurea inaweza kushusha chembe nyeupe za damu kupita kiasi, ndiyo maana mtoto hupimwa damu mara kwa mara na dozi hupangwa kwa uzito wake. Kwa hiyo usimwachishe wala usimwongezee kwa kilichoandikwa simuni. Mwanao akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na mkienda kliniki uliza: sasa ana kilo ngapi, na dozi inalingana nazo? Chembe nyeupe zilikuwa ngapi kipimo kilichopita, na kijacho ni lini?