Kabla Hujaomba PDF ya Historia ya Marekani

Juzi usiku nilipokea ujumbe: "Shikamoo kaka. Naomba PDF ya historia ya Marekani, nina tasnifu." Basi, umeishia hapo. Karne gani, jimbo gani, jambo gani, hakusema. Nilicheka, halafu kicheko kikakata, maana na mimi nilipoanza shahada ya uzamili nilimtumia mwalimu mmoja ujumbe wa sampuli hiyohiyo. Hajanijibu mpaka leo. Huyu mdogo wangu nimemjibu. Haya ndiyo niliyomwandikia, pamoja na mengine niliyoona aibu kumwambia.

Mimi niliandika kuhusu merikani. Siyo nchi, kitambaa. Bibi yangu aliita merikani shuka yoyote ngumu ya pamba isiyopaushwa, na sikuwahi kujiuliza jina limetoka wapi. Kumbe limetoka kwa wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, walioleta Zanzibar nguo zilizofumwa katika viwanda vya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nguo ile ikapanda bara kwa mabega ya wapagazi, ikafika mahali ikatumika kama fedha. Nilipolijua hilo nikasema hapa pana tasnifu. Nikanunua bando, nikaingia Google.

Miezi minne. Sitawachosha nayo. Nilitoka na mafaili yamejaa laptop na sijui hata moja linasema nini.

Siku ya kutetea nikasimama na suti ya kuazima. Nilikuwa nimeandika kwamba Richard Waters, konsuli wa kwanza wa Marekani Zanzibar, alianza mwaka 1836. Mtahini mmoja akavua miwani. "Siyo 1837?" Nikasema hapana, 1836. "Umeitoa wapi?" Nikajibu, "Mtandaoni." Watu walicheka, na wengine walikuwa rafiki zangu. Nilipita, lakini kwa masahihisho mengi, na hadi leo nikikatiza karibu na ukumbi ule tumbo linanisokota.

Sasa niulizeni nani alikuwa sahihi. Wote wawili! Waters aliteuliwa 1836, akashuka Zanzibar Machi 1837. Shajara yake na barua zake zimechapwa katika New England Merchants in Africa, mkusanyo wa nyaraka uliohaririwa na Norman Bennett na George Brooks mwaka 1965. Kitabu hicho kilikuwa kwenye maktaba yetu muda wote ule, rafu ya juu, kina vumbi la kuandikia jina. Ningekifungua dakika kumi tu, ningemjibu mzee yule kwa adabu na tarehe zote mbili.

Ndipo nilipoelewa kitu nilichopaswa kufundishwa mwaka wa kwanza. Kitabu cha rejea hakisomwi, kinaulizwa. Unakiendea na swali moja, unachukua jibu, unachukua na tanbihi zake, unaondoka. Ukitaka kumjua mtu, uliza American National Biography, juzuu 24 zilizotoka mwaka 1999, au mkubwa wake, Dictionary of American Biography, aliyeanza kutoka 1928. Mwisho wa kila ingizo kuna maelezo ya vyanzo. Sisi tunasoma ingizo, maelezo yale tunayaruka. Dhahabu iko pale.

Takwimu nazo zina nyumba yao. Nilihitaji kuonyesha kwa nini merikani ilipotea sokoni miaka ya 1860, nguo za Kiingereza na za India zikachukua nafasi yake. Nilikuwa nimeandika "kwa sababu ya vita", yaani vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, nikaweka nukta, kama vile vita ni mvua. Historical Statistics of the United States, lile toleo la serikali la 1975 lenye juzuu mbili, lipo bure mtandaoni, na ndani yake kuna jedwali la pamba iliyozalishwa Marekani mwaka kwa mwaka: marobota zaidi ya milioni 3 mwaka 1860, chini ya laki 5 mwaka 1864. Weka namba hizo mbili kwenye sura yako uone kama kuna mtahini atavua miwani.

Kosa langu kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa la herufi. Nilitafuta mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said, Sultani wa Muscat na Zanzibar, wiki nzima. Kwanza niliutafuta katika Foreign Relations of the United States, zile juzuu za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Mkataba ni wa 21 Septemba 1833, na juzuu hizo zilianza kutoka 1861. Yaani namtafuta babu kwenye picha za harusi ya mjukuu. Kisha nikahamia kwenye mkusanyo wa mikataba wa Charles Bevans, ambao umepanga mikataba ya Marekani na nchi mojamoja kwa herufi za majina ya nchi hizo. Nikaenda moja kwa moja herufi Z, Zanzibar. Wa 1833 hakuna. Nikaanza kuamini kuna njama.

Mkataba uko herufi M, Muscat. Mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini na Sayyid Said kama Sultani wa Muscat, ambayo iko Oman, na wakati ule Zanzibar ilikuwa chini ya huyohuyo. Umo ndani ushuru wa asilimia 5 na uhuru wa Wamarekani kuingia bandari zote za Sultani. Kwa hiyo kabla hujafungua faharisi yoyote, jiulize watu wa zama zile waliita kitu hicho jina gani. Ukitafuta habari za Wamarekani weusi kwenye magazeti ya zamani kwa maneno ya leo, hupati kitu. Magazeti yenyewe yapo bure, Chronicling America, chini ya Maktaba ya Bunge la Marekani, lakini yanajibu kwa Kiingereza cha siku zile.

Na waandikieni wakutubi, jamani. Maktaba hiyohiyo ina huduma ya kuuliza maswali, na haikuombi pasipoti. Niliwaandikia saa sita usiku nikiwa nimekata tamaa, nikidhani wataniona mshamba. Baada ya siku chache nikajibiwa kwa urefu, nikaelekezwa kwenye mikrofilamu, yaani filamu zenye picha ndogo za nyaraka, za barua za makonsuli wa Zanzibar, za 1836 hadi 1906, zilizo Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Binadamu mmoja aliyesomea kazi yake alinipa nilichokosa kwa miezi minne. HathiTrust, maktaba ya mtandaoni, ikikufungia kitabu kwa sababu uko nje ya Marekani, kitafute hichohicho kwenye maktaba nyingine ya mtandaoni, Internet Archive. Usianze kulia.

Najua vijana wengi mnaosoma hapa mnataka kufika mbali, na mnataka kufika leo. Kuomba PDF ni kuomba kutafuniwa. Nasema kwa ukali kwa sababu nilitafuniwa, nikameza na mifupa. Mdogo wangu, nipe mwaka, nipe jimbo, nipe swali moja, nitakaa na wewe mpaka asubuhi.

Mwezi uliopita sura moja ya tasnifu ile ilikubaliwa kwenye jarida. Wiki mbili baadaye nikapata barua pepe kutoka kwa mtahini yuleyule. Ameisoma, ameipenda, anaomba kujua zile namba za pamba nimezitoa wapi. Nilikaa na simu mkononi nikitabasamu peke yangu kwenye daladala. Nilitamani sana kumjibu kwa neno moja: "Mtandaoni."

Nikamwandikia shikamoo, jina la kitabu, juzuu, na ukurasa.