Mafuta ya Kukaangia Yakichujwa Hayajawa Biodizeli

SWALI: Mhandisi, nina gari la mizigo la dizeli, la kisasa, lenye pampu ya presha kubwa. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikichanganya dizeli na biodizeli ninayouziwa na jirani, ambaye huitengeneza kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia: huyaacha yatulie, huyachuja kwa kitambaa mara kadhaa, kisha huongeza mafuta ya taa ili yawe mepesi. Sasa gari linachelewa kuwaka asubuhi, linakosa nguvu mlimani, na chujio la mafuta nimeshalibadilisha mara mbili. Fundi wangu anasema ni kawaida, kwamba biodizeli inasafisha tangi. Je, niendelee, na je, ninaweza kufikia nusu kwa nusu?

JIBU: Usiendelee, na habari ya nusu kwa nusu iweke kando kabisa, kwa sababu kwa maelezo yako mwenyewe gari lako halijawahi kutiwa biodizeli. Ulichouziwa ni mafuta ya kupikia yaliyopunguzwa uzito kwa mafuta ya taa. Maswali ya namna hii hunifikia mara kwa mara, na karibu yote yana kosa hilo hilo ndani yake: watu hudhani kwamba biodizeli ni mafuta ya jikoni yaliyosafishwa vizuri, na kwamba tofauti kati ya mtengenezaji hodari na asiye hodari ni ubora wa kitambaa chake.

Mafuta ya mimea, yawe mapya au yaliyotumika, yameundwa kwa molekuli kubwa, na kila moja ina minyororo mitatu ya asidi za mafuta iliyoshikamana na glisarini. Ili yawe biodizeli ni lazima yachanganywe na methanoli pamoja na kichocheo, kwa kawaida sodiamu haidroksaidi au potasiamu haidroksaidi, mpaka minyororo hiyo iachane na glisarini na kuungana na methanoli. Glisarini huzama na kutolewa, na kinachobaki husafishwa na kukaushwa. Kitambaa huondoa makombo tu. Hakivunji molekuli hata moja. Ndiyo maana mnato wa mafuta ya kupikia, yaani uzito wake wa kutiririka, yakipimwa katika nyuzi 40 za Selsiasi, huwa takriban milimita 30 hadi 40 za mraba kwa sekunde, ilhali dizeli kwa viwango vya Ulaya hukaa kati ya 2 na 4.5, na biodizeli halisi kati ya 3.5 na 5.

Mafuta ya taa hushusha mnato huo, lakini molekuli hubaki zilivyokuwa. Zikifika kwenye nozeli, yaani kinyunyizio kinachopuliza mafuta ndani ya silinda, hazitawanyiki na kuungua inavyotakiwa, bali huacha masizi magumu kwenye matundu ya nozeli na kwenye mifereji ya ringi za pistoni, na sehemu isiyoungua huteleza ukutani mwa silinda hadi kwenye oili ya injini, ambako huigandisha polepole. Zaidi ya hayo, mafuta ya taa hulainisha vibaya kuliko dizeli, na pampu yako hailainishwi na kitu kingine chochote isipokuwa mafuta yanayopita ndani yake.

Najua jirani yako atajibu kwamba injini inawaka na gari linakwenda. Wengine humtaja Rudolf Diesel mwenyewe, mbuni wa injini ya dizeli, kwa kuwa katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ni kweli iliendeshwa. Lakini injini za wakati ule zilikuwa nzito, za mwendo wa taratibu, na mafuta yalipulizwa ndani kwa hewa iliyoshindiliwa. Injini yako husukuma mafuta kwa presha inayozidi mara 1,000 ile ya hewa ya kawaida, kupitia matundu yenye upana wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Kuwaka si ushahidi wa lolote. Injini ya dizeli huwaka kwa vitu vingi visivyoifaa, na madhara huonekana baada ya muda, wakati muuzaji ameshapokea fedha zake.

Kuhusu chujio, fundi wako ameegemea jambo la kweli na kulitumia mahali pasipo pake. Biodizeli halisi huyeyusha uchafu uliokwama tangini na kwenye mabomba ya gari lililozoea dizeli, hivyo chujio la kwanza linaweza kuziba mapema. Uchafu huo una mwisho. Chujio linapoziba tena na tena, sababu huwa ni kile kinachoingia tangini.

Biodizeli iliyotengenezwa kwa viwango ina faida ambazo sina sababu ya kuzificha. Haina salfa kiasi cha kutajika, na hulainisha pampu vizuri mno: asilimia 2 tu yatosha kurudisha ulainishaji uliopotea katika dizeli iliyoondolewa salfa. Kwa kuwa ina oksijeni inayokaribia asilimia 11 ya uzito wake, hupunguza masizi na kaboni monoksidi, ingawa oksidi za naitrojeni zinaweza kuongezeka kidogo. Nguvu iliyomo katika lita moja ni pungufu kwa asilimia 8 hivi, upungufu ambao dereva haugundui kwa urahisi katika mchanganyiko wa asilimia 20. Hasara zake kubwa ziko kwenye utunzaji. Hunywa maji kutoka hewani, huchacha ikikaa miezi mingi, huchacha haraka zaidi ikigusa shaba, hulainisha na kuvimbisha mipira ya zamani, na ile ya mawese huanza kuganda katika baridi ambayo dizeli haiijali. Katika magari yenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi, sehemu ya biodizeli hushuka kwenye oili ya injini na haivukizi kama dizeli, hivyo oili hubadilishwa mapema.

Kuhusu kiasi, kitabu cha gari ndicho kinachotawala. Dizeli ya kawaida ya Ulaya inaruhusiwa kuwa na hadi asilimia 7 ya biodizeli, ile ya Marekani asilimia 5, na Indonesia imetumia mchanganyiko wa asilimia 30 na zaidi tangu 2020, lakini kwa mafuta yanayopimwa.

Kwa gari lako, mwaga mafuta yote yaliyomo tangini, osha tangi, weka chujio jipya, badilisha oili ya injini hata kama muda wake haujafika, kisha nozeli zitolewe na kupimwa kwenye mashine. Usinunue chupa ya dawa ya kusafishia nozeli kabla ya kipimo hicho. Wanaouza dawa hizo mara nyingi ndio hao hao wanaouza mafuta yaliyoleta ugonjwa.

Wala usijaribu kutengeneza mwenyewe eti kwa kuwa sasa umejua kemia yake. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, hupenya ngozini, na mwali wake hauonekani vizuri mchana. Ikibaki ndani ya biodizeli huifanya iwe rahisi kushika moto. Ukikutana tena na mtu anayedai kuuza biodizeli, mtake alete majibu ya maabara yanayoonyesha glisarini, maji, asidi na methanoli iliyobaki. Akisema hana, aifanyie mbele yako jaribio la sehemu moja ya mafuta yake katika sehemu tisa za methanoli, kwa glavu na mbali na moto: mafuta ya kupikia ambayo hayakugeuzwa huzama chini na kuonekana, na biodizeli huyeyuka yote. Kufaulu jaribio hilo hakuonyeshi kiasi cha maji wala asidi, kwa hiyo hakuchukui nafasi ya maabara, ila kushindwa kunatosha kukufanya uondoke.