Spika mmoja anaweza, akishika kanuni

Kaka, umeuliza kama Spika mmoja anaweza kubadilisha Bunge jipya. Anaweza, ila aanzie kwenye kanuni, maana hotuba nzuri hupita. Marehemu Samuel Sitta, mtu wetu wa Urambo, alishika kiti cha Spika wa Bunge la Tanzania mwishoni mwa 2005 na kaulimbiu ya kasi na viwango. Kanuni za 2007 zikaja na maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, Alhamisi. Februari 2008 Dkt. Mwakyembe, mwenyekiti wa kamati teule ya Bunge, akasoma ripoti ya Richmond, ile kampuni ya mkataba tata wa umeme wa dharura, na Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu. Siku ile baba aliacha tumbaku kwenye bani la kukaushia, akabana redio sikioni mpaka betri zikafa. Sikuwahi kumwona akisikiliza Bunge hivyo.