Matabaka ya pembeni yanaila vipi volteji ya sola ya perovskaiti?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi nasoma umeme chuo, niko Morogoro. Nasikia perovskaiti yenyewe (ile fuwele inayonyonya mwanga kwenye seli ya sola) haina shida sana, volteji inapotelea kwenye yale matabaka yanayoigusa juu na chini. Sasa si yatolewe tu? Na wanamjuaje mwizi wakati seli yote ni nyembamba hivyo?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Huwezi kuyatoa, bila hayo umeme hautoki vizuri. Mwanga ukipiga perovskaiti unazaa elektroni na matundu (tundu ni nafasi inayoachwa na elektroni, inabeba chaji chanya), tabaka moja linatakiwa lipitishe elektroni tu na lingine matundu tu, sasa pale yanapogusana na perovskaiti pana kasoro kibao, na viwango vya nishati visipolingana ndo kabisa, elektroni na tundu vinakutana hapohapo mpakani vinafutana, nishati inaishia joto, volteji inashuka.

Mwizi anashikwa kwa mng'ao. Perovskaiti nzuri ukiimulika nayo inatoa mwanga wake, kwa hiyo unaipima ikiwa peke yake juu ya kioo, unaiwekea tabaka moja unapima tena, halafu lingine. Mng'ao ukishuka mara 10, hesabu umepoteza kama milivolti 60. Watafiti wa Potsdam, Ujerumani, walipita njia hiyo 2018, wakaweka litiamu floraidi kati ya perovskaiti na C60 (hiyo C60, molekuli ya kaboni 60, ndo inayopokea elektroni, na ni mwizi sugu), upande wa pili wakaweka polima nyembamba, seli ya sentimita 1 ya mraba ikafika ufanisi wa asilimia 20. Floraidi yenyewe inawekwa unene wa kama nanomita 1 hivi, ukizidisha umeziba njia maana haipitishi umeme.

Upande wa matundu siku hizi wanapenda tabaka lenye unene wa molekuli moja tu, molekuli zinajipanga zenyewe. Berlin walilitumia kwenye seli ya perovskaiti juu ya silikoni wakapata asilimia 29.15, hiyo 2020.

Ila angalia usije ukaingia mtego huu. Wengi wakiona mng'ao umeshuka wanafurahi, eti chaji imevutwa vizuri. Imevutwa ikaenda wapi, na waya hujaunga? Kama unamulika mfululizo na hakuna mkondo unaotoka, kushuka kule kwa sehemu kubwa ni hasara. Ukifanya projekti yako anza na filamu tupu, yaani perovskaiti peke yake juu ya kioo, usiruke hiyo hatua.