Jibu: Mbuzi wanakonda kiangazi ingawa wanakula mabua

Habari ndugu. Umesema mbuzi wako wanashinda kwenye mabua ya mahindi na bado wanakonda tangu Julai. Kabla hujanunua chochote, funua kope ya chini ya jicho la mbuzi, utazame rangi ya ndani: ikiwa nyeupe, mara nyingi ni minyoo, wapatie dawa kwanza. Ikiwa nyekundu, huenda shida ni mabua yenyewe, protini yake ni ndogo mno. Mimi hapa Dodoma huyakatakata, nikayanyunyizia maji ya chumvi, na jioni nawapa maganda ya mgunga na majani ya lukina, ule mti wa malisho wa jamii ya kunde. Lukina isizidi theluthi ya chakula, ikizidi manyoya hunyonyoka. Wenye mimba nawaongezea mashudu ya alizeti, konzi mbili, nikianza na nusu konzi. Na maji, tafadhali! Mbuzi mwenye kiu hagusi mabua makavu.