Mikoba ya shanga ilikuwapo kabla ya miaka ya 1920
Umeuliza kama mikoba ya shanga ilizuka miaka ya 1920. Hapana, ingawa ni kweli kwamba wakati huo ilipendwa mno, kwa kuwa ililingana na magauni ya dansi yaliyonakshiwa shanga. Ilikwisha kuenea Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya magauni membamba kuwanyima wanawake nafasi ya kuficha mifuko ya kufunga kiunoni. Kinachonistaajabisha zaidi ni ufundi wake: mfumaji alitunga kwanza maelfu ya shanga za kioo kwenye uzi, rangi baada ya rangi, akianza na ile itakayofumwa mwisho, hivyo shanga moja ikikosewa, mchoro mzima wa ua uliharibika. Ukipata mkoba wa zamani wa aina hii, usiutundike, maana uzi uliozeeka hukatika kwa uzito wa shanga.